Mpira wa mkojo wodini: vijidudu vinapita wapi, na vinazuiwaje

Kwenye faili wauguzi huandika katheta. Ndugu wanaomuuguza mgonjwa husema mpira: baba kawekewa mpira, mpira umeziba, mpira unavuja. Ni bomba laini linalopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu, likashikiliwa humo na puto dogo lililojazwa maji, ili mkojo utiririke wenyewe hadi kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inizwa kando ya kitanda. Mzee aliyezibwa na tezi dume, mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kujifungua, kijana aliyeanguka na bodaboda akavunjika nyonga: iwe ni Maweni au Kabanga upande wa Kigoma, Kitete au Nkinga upande wa Tabora, wagonjwa wa namna hii huwekewa mpira mara nyingi saa za mwanzo kabisa.

Mpira huu unaokoa maisha. Mkojo uliozuiwa hurudisha shinikizo kwenye figo, na maumivu yake hayaelezeki. Lakini kila siku unayobaki ndani, uwezekano wa vijidudu kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukikaa mwezi mzima, karibu kila mgonjwa atakuwa navyo. Si wote watakaougua, ila wanaougua hupata homa, wengine vijidudu huingia kwenye damu, na mtu aliyelazwa kwa sababu ya nyonga akajikuta anapigania uhai kwa sababu ya mkojo.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo inayotuongoza hapa chini. Usafi wa kuweka na kutunza mpira hupunguza kasi ya vijidudu. Kinachovizuia kabisa ni kutouweka usipohitajika, na kuutoa mapema unapokuwa umemaliza kazi yake.

Njia mbili za kupanda

Mwili una kinga yake. Mtu akikojoa, mkojo husuuza njia kutoka juu kwenda chini, na kibofu hubaki kitupu. Mpira unaharibu yote mawili. Njia haisuuzwi tena, maana mkojo unapita ndani ya bomba. Na kibofu hakimaliziki kabisa, kwa sababu tundu la kuingizia mkojo liko juu ya puto. Chini ya tundu hilo hubaki kidimbwi kidogo kisichotoka. Kwa vijidudu, kidimbwi hicho ni shamba.

Vinapanda kwa njia mbili. Ya kwanza ni nje ya mpira, kati ya ukuta wake na ngozi, vikitoka sehemu za haja kubwa. Hii ndiyo njia inayotumika zaidi, hasa kwa wanawake, ambao njia yao ya mkojo ina urefu wa sentimita 4 tu, wakati ya mwanaume hufika kama 20. Ya pili ni ndani ya bomba lenyewe: mtu amechomoa kiungo cha mpira na mfuko, au bomba la kumwagia mkojo limegusa kitu kichafu, au mfuko umeinuliwa na mkojo wa zamani ukarudi kibofuni.

Vikishafika, haviogelei tu kwenye mkojo. Hujigandisha kwenye ukuta wa mpira na kujifunika kwa utando. Aliyewahi kupitisha kidole ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi bila kusuguliwa anaujua utelezi wake. Utando wa kwenye mpira ni wa aina hiyo hiyo. Dawa za kuua vijidudu huvikuta vile vinavyoelea, lakini vilivyo chini ya utando hupona, na dawa ikiisha vinaanza upya. Kuna kijidudu kimoja, Proteus, kinachovunja urea ya mkojo ikawa amonia. Mkojo hupoteza asidi yake, chumvi zikaganda, na mpira ukaziba kwa ukoko mgumu kama ule wa ndani ya birika.

Zamani mpira ulimwaga mkojo kwenye chupa iliyo wazi chini ya kitanda. Ndani ya siku 4 hivi karibu wagonjwa wote walikuwa na vijidudu. Miaka ya 1960 mfumo uliofungwa, yaani mpira uliounganishwa moja kwa moja na mfuko usio na uwazi, ukaanza kuenea, na muda huo ukasogea kutoka siku hadi wiki. Hakuna dawa iliyowahi kuleta faida kubwa kama hiyo. Kwa hiyo kila anayechomoa kiungo cha mpira na mfuko bila sababu anamrudisha mgonjwa wake kwenye chupa ya zamani.

Nani anauhitaji?

Sababu za kweli si nyingi. Mgonjwa ambaye mkojo umeziba. Mgonjwa mahututi ambaye mkojo wake lazima upimwe kila saa. Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kwa saa, na mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti lazima apimwe hivyo, kwa sababu dawa hiyo hutoka kwa figo na figo zikilegea inakuwa sumu. Upasuaji mrefu, au wa njia ya mkojo. Aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo asiyeruhusiwa kugeuzwa. Kidonda cha mgongoni kinacholoweshwa na mkojo. Na mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, ikiwa unampa nafuu.

Bibi anayejikojolea kwa sababu ya uzee hayumo. Tunajua wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi wawili usiku inavyokuwa, na tunajua kwamba shuka kavu zina wakati wake wa kuisha. Hata hivyo mpira uliowekwa ili kupunguza kufua humgharimu bibi huyo homa ya siku ya sita. Nepi, kitambaa kilichokunjwa na kubadilishwa kila saa 3 au 4, au kumpeleka chooni kwa ratiba, ni salama zaidi. Kwa mwanaume kuna mpira wa nje unaovalishwa kama kondomu, ambao hauingii kibofuni. Mgonjwa anayeweza kukojoa mwenyewe asiwekewe mpira ili tu kupata sampuli ya maabara.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji bila matatizo hahitaji mpira baada ya ganzi ya miguu kuisha na kuweza kutembea. Usipite saa 24. Lakini yupo mama mwingine ambaye kanuni hii haimhusu. Aliyekaa na uchungu siku mbili nyumbani, kichwa cha mtoto kikabana kibofu kwenye mfupa, huwa katika hatari ya fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo. Kwake mpira huachwa siku 7 hadi 14 ili kibofu kisijae wakati ukuta uliobanwa unapona, na kuutoa haraka kwa kisingizio cha kuzuia maambukizi ni kumdhuru. Aliyerekebishwa fistula ya kawaida hukaa nao siku 7 hadi 10. Ndiyo maana sababu ya mpira iandikwe kwenye faili pamoja na tarehe na saa: anayekuja zamu nyingine ajue yupi ni yupi.

Kuuweka

Unene huhesabiwa kwa namba, na kila namba ni theluthi moja ya milimita. Namba 16 ina kipenyo cha kama milimita 5.3. Mwanamke hutosheka na 12 au 14, mwanaume 14 au 16; namba 18 na kuendelea ziachwe kwa mkojo wenye mabonge ya damu. Rangi ya mwisho wa mpira husaidia gizani: nyeupe ni 12, kijani 14, chungwa 16, nyekundu 18. Mpira mnene hauzuii kuvuja. Unabana tezi ndogo za ukuta wa njia ya mkojo, unachubua, na mchubuko ni mlango.

Andaa kila kitu kabla ya kumgusa mgonjwa: mpira, mfuko, glovu zilizotakaswa jozi mbili, pamba, dawa ya kusafishia au salaini, jeli, sindano yenye mililita 10 za maji yaliyotakaswa, kitambaa safi chenye tundu, plasta. Unganisha mfuko na mpira mapema inapowezekana, ili kiungo kisiguswe tena. Kosa linalorudiwa ni kuanza kisha kukumbuka kwamba jeli iko kabatini. Glovu zinagusa mlango wa kabati, halafu zinarudi kwenye mpira.

Mikono isafishwe kwanza, glovu au hakuna glovu. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, kwa spiriti ya mikono 20 hadi 30. Maji yanapokatika kituoni, famasia ya hospitali inaweza kutengeneza spiriti hiyo kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kufika lita 10. Ikae saa 72 kabla ya kutumika, ili mbegu za vijidudu zilizokuwemo kwenye chupa zife.

Mkono mmoja utashika sehemu ya siri ya mgonjwa na hautaachia wala kugusa mpira hadi mwisho. Mwingine unabaki safi. Kwa mwanamke, futa kutoka mbele kwenda nyuma, kila pamba mara moja. Mpira ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, uache hapo kama alama ya njia isiyo yenyewe, chukua mpya. Kuuchomoa na kuujaribisha ule ule tundu la juu ni kupandikiza vijidudu vya ukeni kibofuni. Kwa mwanaume, vuta govi ikiwa lipo, safisha, ingiza mililita 10 hadi 15 za jeli yenye ganzi na subiri dakika 3 hadi 5. Dakika hizo hurukwa sana, na ndizo zinazomfanya mgonjwa alegee badala ya kukaza misuli ukalazimisha. Ingiza mpira wote hadi kwenye panda yake, hata kama mkojo umeanza kutoka mapema, ndipo ujaze puto. Akilalamika maumivu wakati unajaza, simama: puto liko kwenye njia ya mkojo, halijafika kibofuni. Mwishowe rudisha govi mahali pake. Likisahauliwa huvimba na kubana.

Puto lijazwe kwa maji yaliyotakaswa, si salaini, kwa kuwa chumvi huganda kwenye kijia cha puto na siku ya kutoa litakataa kupungua. Kijana wa ajali ya bodaboda mwenye damu kwenye tundu la uume asiwekewe mpira kabla daktari hajamwona. Huenda njia imechanika.

Malizia kwa plasta. Mwanamke kwenye paja, mwanaume kwenye paja la juu au tumbo la chini, na uulegeze kidogo usivute. Mpira usiofungwa huingia na kutoka kila mgonjwa anapojigeuza, ukisukuma uchafu ndani kama pistoni ya pampu.

Mfuko

Hapa ndipo wodi zetu hushindwa zaidi, na hapa ndipo ndugu wa mgonjwa wanaweza kufanya mengi. Mfuko uwe chini ya kibofu wakati wote, ukining'inia kwenye chuma cha kitanda kisichopandishwa, wala usiguse sakafu. Bomba lisikunjwe wala kulaliwa na mguu.

Mgonjwa aliyelazwa kwenye godoro la chini ni tatizo gumu: mfuko hauna pa kushukia. Weka ndani ya beseni safi lililooshwa, kando ya godoro, umwagwe mara kwa mara ili usijae na kuinuka. Ikiwa kuna kitanda kimoja kilichopatikana, tungempa mwenye mpira kabla ya mwingine aliye katika hali kama yake.

Safari nazo. Mgonjwa wa rufaa kutoka Kibondo au Kasulu kwenda Kigoma mjini, au kutoka Kaliua na Sikonge kwenda Tabora, hupandishwa gari mfuko ukiwa juu ya tumbo lake ili usisahaulike, na kwa saa nzima mkojo unarudi ulikotoka. Umwage kabla ya kuondoka, uning'inize pembeni ya machela. Ikibidi kuuinua kwa dakika moja wakati wa kumhamisha, bana bomba, mhamishe, kisha bano litolewe hapo hapo.

Mifuko mingi huchukua mililita 2000. Umwagwe ukifika theluthi mbili, au kila saa 8 hata kama haujafika. Anayemwaga asafishe mikono, avae glovu, na bomba la chini lisiguse ukingo wa chombo. Kila mgonjwa awe na jagi lake lenye jina au namba ya kitanda. Jagi moja linalozunguka wodi nzima husafirisha vijidudu sugu kutoka kitanda hadi kitanda, na mlipuko wa namna hiyo ni mgumu kuukata. Jagi lioshwe, lilowekwe dakika 10 kwenye jiki, lianikwe likauke. Jiki ya asilimia 3.5 hupata nguvu inayotakiwa, asilimia 0.5, kwa sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji.

Kusafisha mwili ni maji na sabuni ya kawaida, mara moja kwa siku na baada ya kila haja kubwa. Hapa muuguzi aangalie nani anaagizwa. Mkamwana hatamsafisha baba mkwe wake, wala mkwe mama mkwe. Wataitikia kwa heshima na kazi haitafanyika. Muulize mgonjwa mwenyewe nani anafaa, na kama hayupo, ni kazi ya muuguzi.

Yanayoonekana kama msaada

Kumpa mgonjwa dawa za kuua vijidudu ili mpira usimletee UTI hakumkingi. Huchelewesha vijidudu dhaifu siku chache na kuwapisha sugu. Hali kadhalika kupaka dawa kali kwenye tundu la mkojo kila siku, kumimina dawa ndani ya mfuko, kusuuza kibofu kwa ratiba, au kubadilisha mpira kila baada ya siku fulani wakati haujaziba: miongozo ya mwaka 2009 ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, inashauri dhidi ya yote haya kama desturi. Mpira ubadilishwe kunapokuwa na sababu, kama kuziba, kuvuja au maambukizi. Aina ya mpira nayo ina kikomo chake: wa kawaida wa lateksi uliopakwa tefloni haufai kupita kama wiki 4, wa silikoni wiki 12. Wazee wanaosubiri upasuaji wa tezi dume wakiwa nyumbani kijijini lazima waondoke na tarehe hiyo kwenye karatasi, si kwa mdomo.

Mkojo mzito au wenye harufu si ugonjwa. Mara nyingi mgonjwa hajanywa maji. Asiye na tatizo la moyo au figo anywe kama lita 2 kwa siku, zaidi kidogo joto la Oktoba likipamba moto Tabora. Ugonjwa ni homa ya nyuzi 38 na zaidi isiyo na sababu nyingine, baridi kali ya kutetemeka, maumivu juu ya kinena au ubavuni, au mzee aliyekuwa na akili timamu kuanza kuchanganyikiwa. Bila dalili, vijidudu vilivyoonekana maabara havitibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo unaochubua. Na homa Kigoma na Tabora ipimwe malaria kwanza au sambamba. Mpira usibebeshwe lawama isiyo yake, wala malaria isifiche maambukizi ya mkojo.

Dalili zikiwepo, otesha mkojo maabara, ili kijidudu kijulikane, kabla ya dozi ya kwanza. Sampuli haitolewi kwenye mfuko, maana humo vijidudu vimeshazaliana kwa saa nyingi. Bana bomba chini ya tundu la sampuli dakika chache, futa tundu kwa spiriti ya asilimia 70, vuta kwa sindano. Mpira uliokaa zaidi ya wiki 2 na bado unahitajika ubadilishwe kwanza, sampuli itoke kwenye mpya. La sivyo utaotesha utando wa zamani, na dawa itapigana nao bure. Sampuli ifike maabara ndani ya saa 2, au iwekwe kwenye friji ya nyuzi 4 isizidi saa 24. Anayepata nafuu haraka hutosha siku 7 za dawa. Anayechelewa, 10 hadi 14.

Kuutoa

Kila asubuhi wakati wa raundi liulizwe swali moja kwa sauti: mpira huu bado upo kwa sababu gani? Ikikosekana ya kuandika leo, utoke leo. Tungependa kila wodi impe muuguzi mamlaka ya kuutoa kwa orodha ya sababu iliyokubaliwa na daktari, bila kusubiri sahihi. Madaktari wengi husahau mgonjwa gani ana mpira. Muuguzi anayemwaga mfuko hawezi kusahau.

Kuubana mpira kwa saa kadhaa ili kibofu "kizoee" kabla ya kuutoa hakuna faida, na bano lililosahauliwa hujaza kibofu. Ambatanisha sindano kwenye kijia cha puto, maji yarudi yenyewe bila kuvutwa kwa nguvu, na uhakikishe ujazo ulioingia ndio uliotoka. Mpira usikatwe kwa mkasi. Mwanaume aliyezibwa na tezi dume aanze tamsulosini, dawa inayolegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu, siku 2 au 3 kabla, nafasi yake ya kukojoa mwenyewe huongezeka.

Mpe chombo cha kupimia na maji ya kunywa. Ndani ya saa 6 anatakiwa awe amekojoa. Asipokojoa na tumbo la chini limejaa, mtoe mkojo kwa mpira wa mara moja na kuutoa hapo hapo, kabla ya kufikiria kumrudishia ule wa kukaa. Tunapendelea kutoa saa 12 asubuhi: saa 6 za kusubiri zinaisha mchana, daktari akiwepo na mashine ya ultrasaundi ikiwa na mtu wa kuiendesha. Mpira uliotolewa jioni hukuta mgonjwa kashindwa kukojoa saa 6 usiku, na muuguzi aliye peke yake atamrudishia.